Chuma Kilichovunja Osuri ya Nicanor

Siku chuma kilipoanguka kutoka angani nilikuwa jikoni nikisonga ugali, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba watoto wa jirani wameanza tena kurushia parachichi zetu mawe. Giza lilikuwa halijaingia vizuri. Mwanga mweupe ulipita dirishani taratibu, kama gari linalotafuta mahali pa kuegeshwa, kisha ukaja mngurumo, kisha bati la nyumba kubwa likalia paa! Nikatoka mbio na mwiko mkononi. Nyuma ya nyumba, katikati ya mihogo, palikuwa na kipande cha chuma kilichopinda, kipana kama sinia ya harusini, kinafuka moshi kidogo. Hakuna mtu aliyeumia. Hata kuku walikuwa wazima. Nikaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu, nikamwita mume wangu aje aone maajabu.

Nicanor alitoka zizini na ndoo ya maziwa. Chuma hakukitazama kabisa. Alitazama juu ya paa, akaweka ndoo chini, akavua kofia.

"Osuri," akasema.

Niwaeleze, maana hata mimi nilielezwa. Mimi ni Bhoke, Mkuria wa Kegonga, niliyeolewa na Mjaluo hapa Uriri. Mpaka leo nyumbani mwetu tunaongea Kiswahili, kwa sababu Kijaluo changu kinawachekesha watu na Kikuria chake kinatia huruma. Osuri ni kijiti kinachochomoza kileleni kabisa mwa paa la mwenye boma. Zamani kilikaa juu ya nyasi. Siku hizi watu wanaezeka mabati na wengi wamekiacha, lakini Nicanor alimkalia fundi kooni mpaka kikachomekwa. Maana yake ni kwamba mwenye nyumba yupo. Akifa, ndipo kinavunjwa. Sasa cha kwake kilikuwa kimekatika, nusu yake imelala kwenye mihogo, na mwenyewe amesimama uani na gambuti zake, anapumua kama kawaida.

"Kesho tutaita fundi aweke kingine," nikamwambia.

"Nyar Kuria, wewe hujui."

Nyar Kuria ni binti wa Kuria. Ndivyo wanavyoniita ukweni, na mara nyingi wananiita hivyo kwa mapenzi. Lakini jina hilo likifuatwa na "wewe hujui", damu yangu huchemka. Nimezaa hapa, nimezika hapa, nimelima tumbaku hapa mpaka vidole vikawa vyeusi, na bado sijui. Nikaingia kuokoa ugali wangu.

Usiku ule hakulala ndani. Alisema mtu ambaye osuri yake imevunjwa hawezi kuvuka mlango wa nyumba ile, akaenda kulala kwenye simba, kile kijumba cha mwanetu aliye Mombasa. Chakula alikipokea huko. Vidonge vyake vya presha alivirudisha kwenye sahani.

"Marehemu ana presha gani?" akaniuliza, wala hakuwa anatania.

Hapo ndipo kicheko kiliponiisha. Mwaka jana aliamka asubuhi moja mdomo umeenda upande, mkono hauna nguvu, na daktari akatuambia wazi kuwa akicheza na vile vidonge, mara ya pili hataamka. Tangu siku ile nimekuwa nikisimama mbele yake asubuhi na jioni mpaka nione koo limeshuka. Sasa alikuwa amekaa kitandani kwa mwanawe, amejitangaza marehemu, na mimi sikujua nimlilie au nimpige.

Asubuhi akaja Cephas, binamu yake mkubwa, ambaye ukoo mzima unamtegemea kwa mambo ya mila. Aliizunguka nyumba akitazama paa. Akakizunguka chuma. Akakaa, akaomba chai, akainywa yote kabla hajafungua mdomo.

"Hii kitu haijawahi kutokea," akasema. "Kama ni Mungu amevunja, basi Mungu amesema, na sisi ni kulia tu. Kama ni mtu, hiyo ni matusi kubwa sana. Huyo mtu lazima akuje na miguu yake, aombe msamaha, na aweke ingine na mkono yake. Sasa tujue kwanza ni nani."

"Na mpaka mjue, shemeji, mume wangu ni mzima ama amekufa?"

Cephas alijikuna kidevu. "Ako katikati."

Siku zilizofuata sijui nizielezeje, maana hali ya mume wangu ilikuwa ikitangazwa na redio. Mtangazaji alipoanza, alisema ni kimondo, jiwe la angani, na Cephas akatikisa kichwa kwa huzuni: jiwe ni la Mungu. Nicanor akageukia ukuta. Mchana akaja Trizah, binti yetu wa mwisho, anayefundisha fizikia sekondari kule Migori mjini. Alikiinamia chuma, akatuonyesha matundu ya skrubu, akasema hakuna jiwe duniani wala mbinguni linalofungwa kwa skrubu. Tena kimondo hupita kufumba na kufumbua, na mwanga wa juzi ulikwenda polepole huku ukimeguka. Hicho, akasema, ni kipande cha roketi. Watu walikirusha huko juu, kikaachwa kinazunguka dunia, kikachoka.

"Kwa hivyo ni mtu!" Nicanor akakaa wima. Aliomba chai, akaongeza sukari mwenyewe. Nilidhani tumepona. Nikamletea vidonge.

"Ngoja kwanza huyo mtu akuje," akasema.

Trizah, maskini, alifikiri baba yake akielewa mambo ya anga atatulia. Akatoa simu akamsomea habari. Kwamba huko juu kumejaa setilaiti maelfu kwa maelfu, na kila mwezi wanazidi kurusha nyingine. Kwamba kuna watu wanajiandaa kurudi mwezini. Kwamba kuna nyotamkia iliyoingia kutoka nje kabisa ya familia ya jua letu, imezaliwa kwenye jua lingine lisilojulikana, imepita, na haitarudi.

Nicanor alisikiliza yote kwa makini sana. "Na hiyo nyotamkia ndiyo iliangusha hii?"

"Hapana, Baba. Hiyo iko mbali mno."

"Sasa mbona unanisomea?"

Kisha akatokea Levis. Levis ni binamu mdogo wa Nicanor na Cephas, anachimba dhahabu Masara, na kwake kila kinachong'aa ni riziki. Alikuja na sumaku mfukoni. Akaigusisha kwenye chuma, haikushika. Akaigusisha tena, haikushika, macho yakamtoka.

"Shem, hii si chuma ya kawaida. Nipatie tu nipeleke Masara, tuisage kwa krasha, tuoshe na zebaki, tuone nini inabaki chini."

"Utaisaga na roho ya ndugu yako ikiwa juu yake?" nikamuuliza. Nilikuwa na mwiko tena. Akaondoka, lakini aliondoka akigeuka-geuka. Nikakichukua chuma chenyewe nikafunikia tundu la vifaranga, mahali ambapo jicho langu lingekiona.

Mimi nilikuwa nahesabu mambo mengine. Nilimwona Nicanor akishika ukuta anapoinuka. Alianza kulalamikia kichwa, akasema ni jua. Nikasaga kidonge nikakikorogea kwenye uji wa wimbi, akanywa funda moja, akautema wote chini, akanitazama kama mtu aliyewekewa sumu. Siku nzima hakuniongelesha. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata ile asubuhi ya mdomo kwenda upande, kwa sababu siku ile yeye mwenyewe alitaka kupona.

Ndipo chifu akapiga simu kwamba wataalamu wa anga wamefika Homa Bay kukusanya vipande, na kila aliye navyo avipeleke. Nikakifunga chuma kwa shuka, nikaondoka na Trizah. Nicanor alitusindikiza mpaka langoni.

"Uliza jina lake," akaniambia. "Huyo mwenye kurusha. Jina tu."

Tuliwakuta kwenye banda la kupimia samaki karibu na ziwa. Mkubwa wao alikuwa mwanamke kijana anaitwa Pamela, mhandisi kutoka Nairobi, amevaa glavu na amechoka kabisa. Nilielewa uchovu wake nilipoona anachoshughulika nacho. Wavuvi walikuwa wameokota kipande kikubwa majini, na kwa kuwa kilikuwa kizito na kimepinda vizuri, walikitoboa, wakakifunga kamba, kikawa nanga. Sasa mwenye mtumbwi alikuwa anasema hatakitoa mpaka aletewe nanga nyingine.

"Na wewe, mama, yako umeiweka wapi siku zote hizi?" Pamela akaniuliza.

"Nilikuwa nimefunikia vifaranga."

Alifumba macho kidogo. Akaeleza, kwa upole lakini kwa sauti ya mtu aliyerudia maneno yaleyale tangu asubuhi, kwamba vitu hivyo huweza kuwa na sumu na havishikwi kwa mikono mitupu. Akapitisha kifaa juu ya kile chetu, kikakaa kimya, akashusha pumzi. Salama, akasema. Ni kipande cha tangi la roketi. Nikamwambia nimekuja kuuliza neno moja tu, ni la nani.

Akavuta kiti. "Mama, hapo ndipo kuna shida. Kuna mkataba wa mataifa. Nchi iliyorusha kitu angani, kikianguka kikaharibu mali ya mtu, hiyo nchi ndiyo yenye makosa."

"Vizuri. Nchi gani?"

"Hatujajua. Na hata tukijua... Roketi inaweza kuwa imetengenezwa na nchi moja, ikarushwa kutoka nchi ya pili, ikiwa imebeba setilaiti ya nchi ya tatu. Na yote ni kazi ya kampuni, si serikali. Tunaandika barua. Kila mmoja anasema muulize mwenzake."

"Binti yangu, kwetu ng'ombe akiingia shamba la mtu, ana mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Hiki hakina?"

"Kinao. Ni wengi mno."

Nikamweleza habari ya osuri. Pamela ni Mjaluo wa hukohuko Homa Bay kwa kuzaliwa, hakucheka. Aliacha kuandika. Akaniuliza kama mzee anatumia dawa zake, nikamwambia hatumii, na machozi yakanitoka pale mbele ya wavuvi. Akasema bati tutalipwa, huenda, siku moja, lakini hana mtu wa kumleta Uriri apande juu ya nyumba. Angekuwa naye, angemleta mwenyewe akimshika sikio. Nilimpenda kwa neno hilo, lakini halikunisaidia kitu.

Tulirudi kesho yake, nikakuta viti vimepangwa uani kwangu.

Cephas alikuwa ameita ukoo. Wazee wamekaa kivulini, wanawake upande wa jikoni, na mbele kabisa Levis, amevaa shati jipya lenye mistari ya kukunjwa dukani. Nicanor alikuwa amewekwa peke yake kwenye kigoda mlangoni mwa simba, kando ya mkutano wake mwenyewe. Uso wake ulikuwa umevimba chini ya macho. Aliponiona akainuka nusu.

"Ni nani?"

Nikawaeleza kama nilivyoelezwa. Nchi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kampuni, barua. Nilivyoendelea ndivyo nilivyoona nyuso zinavyopotea. Mzee mmoja akauliza kama ni Wazungu. Trizah akasema si lazima. Mwingine akauliza kama hiyo kampuni ina ofisi Kisumu. Nicanor aliketi tena polepole, mikono juu ya magoti.

"Basi hakuna mtu," Cephas akasema. Alionekana kuchanganyikiwa kama sisi wote, na nadhani ndiyo maana aliamua haraka. "Mtu ambaye hakuna jina na hakuji, si mtu. Tutachukua hii kama imetoka juu. Tutafanya kilio kidogo, tuchinje ile dume, jambo iishe. Halafu kuna mambo ya mama. Mjane hawezi kaa hivi hivi."

Levis akakohoa, akanyoosha kola.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mama ni mimi. Walikuwa wanapanga mtu wa kunirithi, na mume wangu ameketi pale, hatua chache, anaangalia chini. Nilitaka kuvipindua vile viti kimoja kimoja. Nikamtazama Nicanor. Nikaona mshipa wa shingo unavyopiga, na hasira yangu yote ikageuka kitu kingine. Nikasimama.

"Shemeji Cephas. Mjane anachaguliwa mtu, ama anachagua mwenyewe?"

"Anachagua. Hatulazimishi mtu."

"Kutoka kwa nani?"

"Ndugu za marehemu. Mtu wa ukoo, mwenye tabia."

Levis akatabasamu.

"Basi nimechagua," nikasema, nikanyoosha mkono kwenye kigoda. "Yule."

Watu wakageuka wote.

"Nyar Kuria," Cephas akasema polepole, "huyo ndiye marehemu."

"Marehemu mmeniambia amekufa. Huyu anapumua. Ni mtu wa ukoo huu, baba yake ni baba wa marehemu, na tabia yake naijua. Kama kuna mila inakataza, mniambie. Mimi sijui, ni mtu wa kuja."

Cephas akawageukia wazee, wakaanza kuongea kwa Kijaluo kwa kasi ambayo siwezi kuifuata, wakipandishiana sauti, mmoja akicheka, mwingine akigonga bakora. Hakuna aliyeipata mila hiyo. Levis alijaribu kusema neno, mke wa Cephas akamwambia akae.

Nicanor ndiye aliyewanyamazisha. Aliinuka, akaja mpaka mbele yangu, akaniuliza kama mtu anayeuliza njia: "Hiyo nyumba itakuwa ya nani?"

"Ya marehemu mume wangu. Wewe utakuwa umekuja tu."

Akafikiri. "Anayekuja haweki osuri."

"Haweki. Na asiye na osuri hana ya kuvunjwa."

"Hiyo iko sawa?" akamuuliza Cephas.

"Mimi sijui tena kitu gani iko sawa," Cephas akasema. "Lakini haina makosa."

Nicanor akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu jioni ile niliona macho yake yana uhai ndani. "Na huyo marehemu, alikuwa mtu wa aina gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kumtania. Nilikuwa na maneno tayari: mkaidi, mkoromaji, mtu wa kumkalia fundi kooni kwa ajili ya kijiti. Hayo sikuyasema. Nikajikuta namwambia mbele ya ukoo wake wote kwamba alinichukua Kegonga wakati watu wetu na wao walikuwa wanaibiana ng'ombe na hawasalimiani barabarani, na kwamba watu wameniambia mimi mgeni kila mahali katika boma hili isipokuwa ndani ya nyumba yake. Kwamba nilimpenda, na sikuwahi kumwambia kwa sababu sikujua linasemwaje bila kuona aibu. Nililia kwa sauti. Wanawake wa jikoni nao wakalia, sijui kama walikuwa wanalilia mfu au mzima.

Nicanor alivua kofia. Akatembea mpaka kwenye mlango alioutengeneza yeye mwenyewe, akasimama nje.

"Hodi," akasema.

Nikapita ubavuni mwake, nikaingia kwanza. "Karibu."

Akavuka. Akakaa kwenye kiti cha wageni, si chake. Mtu anayekuja kwa mjane lazima ale anachopewa siku ile ya kwanza, akikataa amemkataa mwenye nyumba, na hilo nilikuwa nimelijua miaka mingi kwa kuketi kwenye mikutano ya wengine. Nikaleta uji. Nikaleta maji. Nikaweka vidonge kwenye sahani ndogo ya wageni. Alivitazama sana.

"Hii nayo ni mila?"

"Ya Kegonga," nikasema.

Akavimeza. Nilimsimamia mpaka nikaona koo limeshuka. Nikaushika mkono wake mpaka kikombe kikafika mezani. Nje wazee walikuwa bado wanabishana kama dume lichinjwe au lisichinjwe.

"Kesho pia?" akauliza.

Nikamwambia kesho pia, asubuhi na jioni, na kwamba mimi sina nguvu za kuwa mjane mara mbili.